Shajara ya mradi: fremu zinazoporomoka kwenye kompyuta ya gemu ya mwaka 2014

Mashine iliyo mezani ni ya banda la gemu, Sinza, Dar es Salaam. Prosesa ni Core i5-4590, kizazi cha nne cha Intel, kori nne na nyuzi nne (njia nne za kazi kwa wakati mmoja). Bodi ina chipseti (chipu inayounganisha vifaa) ya B85. RAM ni DDR3 ya GB 12 kwa vijiti viwili, cha 8 na cha 4. Kadi ya grafiki ni GTX 1060 ya GB 6. Windows 10 iko kwenye SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya GB 240, na gemu zote ziko kwenye hadi diski (HDD, diski ya kuzunguka) ya TB 1. Skrini ni ya hezi 60, yaani inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde.

Malalamiko yaliyoandikwa siku ya kupokelewa: gemu ya GTA V inaanza vizuri kwenye fremu (picha) 60 kwa sekunde. Baada ya robo saa inashuka hadi 30, wakati mwingine 24, inakaa hapo kidogo, inapanda, kisha inashuka tena. Katikati ya hayo kuna kuganda kwa ghafla, hasa gari likienda kasi. Mashine imeshapita kwa mafundi wawili, na mara zote mbili imerudi ikiwa imepigwa Windows upya, ikatulia siku mbili tatu, kisha yaleyale.

Siku ya 1, Jumamosi. Kupima bila kugusa kitu

Kabla bisibisi haijashikwa, mashine inapimwa kama ilivyo. Kasha limefungwa pande zote, kwa sababu ukiacha ubavu wazi hewa inabadilika na unapima mashine nyingine kabisa. Chumba kina nyuzi joto 31 za Selsiasi. VSync, mpangilio unaofanya fremu zifuate zamu za skrini, imezimwa kwenye gemu, na hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kwenye skrini ya hezi 60, kila fremu inapewa milisekunde 16.7. VSync ikiwa imewashwa, fremu ikichelewa hata kidogo, tuseme milisekunde 19, inalazimika kungoja zamu inayofuata ya skrini, yaani milisekunde 33.3. Hapo mchezaji anaona 60 imekuwa 30, wakati mashine yenyewe imepungua kidogo tu. Ile 30 ya kwenye malalamiko ni VSync inaongea.

Programu mbili zimewekwa: MSI Afterburner pamoja na RivaTuner kwa ajili ya kuonyesha namba juu ya gemu, na HWiNFO64 inayoandika vipimo kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi) kila nusu sekunde. Vinavyoandikwa ni kasi na joto la kila kori, kasi na joto la GPU (chipu kuu ya kadi ya grafiki), matumizi ya RAM na ya kumbukumbu ya kadi, shughuli ya diski, na grafu ya muda wa fremu.

Grafu hiyo ndiyo ya kutazama, si ile namba kubwa ya fremu kwa sekunde. Chukua sekunde moja yenye fremu 59 za milisekunde 14 kila moja, na fremu moja ya milisekunde 174. Jumla ni sekunde kamili, kaunta inaandika 60, na mchezaji ameona gemu imeganda mbele ya macho yake. Ndiyo maana mafundi wengi huangalia namba, wakasema mashine haina shida.

Jaribio ni moja na litabaki hilohilo hadi mwisho: kuendesha gari kwa kasi kutoka katikati ya jiji la kwenye gemu hadi barabara kuu ya pwani na kurudi, dakika 30 mfululizo, mipangilio haibadilishwi. Jaribio la dakika tano halina maana kwenye tatizo linalohitaji robo saa kujitokeza, na bila shaka ndivyo Windows mpya ilivyoonekana imeponya.

Matokeo:

Dakika ya 0 hadi 9: fremu 72 kwa wastani, prosesa GHz 3.5, joto linapanda hadi 97.
Dakika ya 11: prosesa imegonga nyuzi 100. Kasi inashuka hadi kati ya GHz 2.1 na 2.4, fremu 44 hadi 50. Baada ya sekunde 15 hivi inapoa, inapanda, inagonga tena.
Asilimia 1 ya fremu mbovu zaidi: sawa na fremu 17 kwa sekunde.

Grafu ina maumbo mawili tofauti. Kuna mabonde mapana ya sekunde nyingi, na yote yanaangukia pale prosesa ilipojipunguza kwa joto. Halafu kuna miiba: fremu moja moja za milisekunde 120 hadi 400, zinazotokea hata dakika ya pili wakati kila kitu bado kimepoa, na kila mwiba umekaa sambamba na hadi diski iliyofika asilimia 100. Bonde na mwiba havina chanzo kimoja, kwa hiyo havitatibiwa pamoja.

Siku ya 2, Jumapili. Joto

Kasha limefunguliwa, na kitu cha kwanza kilichoonekana hakikuwa kwenye orodha ya leo. Pawa saplai ni ya zamani, haina mkia wa pini 6 wa kadi ya grafiki, na mtu ameunganisha kadi kwa adapta inayochomekwa kwenye mkia wa SATA, ule wa umeme wa diski. Plastiki ya mkia huo, upande wa waya wa njano, imegeuka kahawia na imeanza kulainika. Hesabu yake ni fupi. Mkia wa SATA una pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Soketi ya pini 6 inaruhusiwa kuvuta hadi wati 75. Kadi haijui kwamba nyuma yake kuna adapta. Inavuta inachohitaji, na pini zinaungua polepole. Huu si mchango mkubwa kwenye kushuka kwa fremu, lakini ni njia ya kuchoma banda. Kanuni yetu ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa moto kanuni hiyo inavunjwa. Mashine haiwashwi tena hadi pawa saplai ibadilishwe.

Iliyonunuliwa Kariakoo ni ya wati 450 yenye nembo ya ufanisi ya 80 Plus na mkia wa kweli wa pini 6+2. Kwa anayenunua: usisome maandishi makubwa ubavuni. Soma jedwali dogo, mstari wa volti 12. Kuna pawa saplai zimeandikwa wati 450 huku mstari wa volti 12 ukiwa ampea 18, yaani wati 216. Mashine hii inahitaji wati 84 za prosesa, 120 za kadi, na takriban 40 za vingine vyote, na karibu yote hayo yanatoka volti 12. Wati 216 hazitoshi.

Sasa joto lenyewe. Hitisinki (kipoza joto cha juu ya prosesa) ya Intel inashikwa na pini nne za plastiki. Ya juu kushoto ilikuwa imeinuka milimita mbili, ukucha wake mmoja umekatika. Hitisinki ilikuwa imelala upande. Ilipotolewa, pesti (krimu ya kupitisha joto kati yake na prosesa) ilikuwa kavu kama chokaa ya ukutani, na alama iliyobaki juu ya prosesa ilisema kila kitu: nusu moja ina utando mwembamba uliogusana vizuri, nusu nyingine ina tuta nene la kijivu ambalo halijawahi kubanwa.

Kati ya mapezi ya alumini kuna ukoko. Vumbi la Dar haliondoki kwa kupuliza peke yake. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na vumbi la barabarani likikutana nayo linashikamana. Linalegezwa kwanza kwa brashi ya rangi ya inchi 1, mpya na kavu, kisha linapulizwa kwa blowa ya umeme. Feni ishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza. Ikiachwa izunguke kwa upepo mkali inaharibu bearingi, na inakuwa jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye bodi.

Kompresa ya fundi wa pancha isitumike. Tangi lake linakusanya maji kutokana na unyevunyevu wa hapa, na lina mafuta ya pampu. Ukipuliza, unapaka ukungu wa maji na mafuta juu ya bodi nzima, na vumbi la wiki ijayo litanata maradufu.

Pesti ya zamani imefutwa kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti ya duka la dawa kwa kawaida ni ya asilimia 70, sehemu kubwa ya iliyobaki ikiwa maji. Inafaa ikikosekana nyingine, ila iachwe ikauke nusu saa nzima.

Kwa kuwa pini ya hitisinki imekatika, imewekwa hitisinki ya mnara, iliyotumika, yenye feni ya milimita 120 na bati la kushikia nyuma ya bodi. Pesti kiasi cha punje moja ya choroko katikati. Skrubu zinakazwa kwa msalaba (pembe kwa pembe), mizunguko miwili miwili, ili isilale upande kama iliyotangulia.

Kadi ya grafiki nayo imefunguliwa, maana ilikuwa inakaa nyuzi 83, na hapo GTX 1060 huwa imeshaanza kujipunguza kasi hatua kwa hatua. Skrubu nne za springi kuzunguka GPU, kwa msalaba vilevile, na waya wa feni uchomolewe kabla ya kuvuta. Pedi mbili za juu ya chipu za kumbukumbu zilichanika. Pedi mpya lazima ziwe na unene uleule. Zipimwe kwa kalipa mahali ambapo hazijabanwa. Pedi nene kupita kiasi inainua hitisinki nzima, GPU haigusi, na kadi itakuwa na joto kuliko kabla ya kufunguliwa. Hili ndilo kosa linalowakuta wengi wanaofungua kadi kwa mara ya kwanza.

Jaribio lilelile, dakika 30: prosesa nyuzi 64, GHz 3.5 bila kuyumba. Kadi nyuzi 69. Mabonde yamekwisha. Miiba ipo palepale.

Siku ya 3, Jumatatu. RAM

Fupi. Programu ya CPU-Z inaonyesha RAM inafanya kazi kwa chaneli (njia ya data) moja. Vijiti vyote viwili vilikuwa kwenye nafasi mbili zilizopakana ambazo ni za chaneli moja. DDR3-1600 kwenye chaneli moja inapitisha GB 12.8 kwa sekunde, kwenye mbili GB 25.6. Prosesa ya kori nne kwenye gemu kubwa inasikia tofauti hiyo, hasa kwenye fremu mbovu.

Kijiti cha GB 4 kimetolewa, cha pili cha GB 8 kimewekwa, nafasi zikifuata kitabu cha bodi. Rangi za nafasi zinadanganya: kuna watengenezaji wanaopaka rangi moja nafasi za chaneli moja, na wengine hupaka rangi moja nafasi zinazotakiwa kujazwa pamoja. Kijiti kilichotumika kina miguso iliyofifia. Imesuguliwa taratibu kwa ufutio laini wa penseli, kisha ikafutwa kwa aisopropili. MemTest86, programu ya kupima RAM, imeachwa usiku kucha, mizunguko minne, makosa sifuri. Kijiti cha mtumba kisichopita jaribio hili kirudishwe dukani asubuhi yake, hata kama Windows inawaka vizuri.

Wastani umepanda kutoka fremu 72 hadi 79. Miiba imepungua urefu kidogo. Haijaondoka.

Siku ya 4, Jumanne. Diski

CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, inaipa hadi diski alama ya njano. Sifa ya C5, yaani sekta zinazosubiri hukumu, inasoma 24. Maana yake kuna sehemu 24 ambazo diski imejaribu kuzisoma, ikashindwa, na kila ikipita hapo inajaribu tena na tena kabla ya kukata tamaa. Gemu ya ulimwengu wazi inapakia barabara na majengo wakati gari linakwenda. Diski ikisimama kwenye sekta mbovu, gemu inaingoja, na huo ndio mwiba wa milisekunde 400. Hata diski nzima ya mzunguko ingeleta miiba midogo. Hii mbovu inaleta mikubwa.

Gemu zimehamishiwa kwenye SSD mpya ya GB 480. Kabla ya kuitumia, imejazwa yote na kusomwa tena kwa programu ya H2testw. Zipo SSD bandia zinazojitangaza GB 480 ilhali ndani hazina nafasi hiyo, na hazionyeshi shida hadi data ivuke ukubwa wao halisi. Hapo mafaili yanaanza kuharibika kimyakimya. Jaribio linachukua muda mrefu, lakini ni nafuu kuliko kupakua gemu ya GB 100 mara ya pili kwa bando.

Hapa kuna jambo dogo linalopita bila kuonekana. B85 ina soketi sita za data za SATA, nne za Gb 6 kwa sekunde na mbili za Gb 3. SSD ya zamani yenye Windows ilikuwa kwenye Gb 3, inasoma MB 270 kwa sekunde. Imehamishwa, sasa inasoma 520. Waya wake wa SATA nao umebadilishwa kwa sababu sifa ya C7, makosa ya mawasiliano, ilikuwa inaongezeka. Namba ya C7 hairudi sifuri hata ukibadilisha waya. Unachotazama ni kama imesimama. Imesimama. Kwenye SSD zote mbili imeachwa nafasi tupu isiyopungua asilimia 15, kwani SSD iliyojaa hadi shingoni huandika polepole na kuleta miiba yake yenyewe.

Jaribio: hakuna mwiba hata mmoja juu ya milisekunde 45. Asilimia 1 mbovu ni sawa na fremu 56. Mashine imerudishwa bandani jioni kwa majaribio ya kazi.

Siku ya 6, Alhamisi. Imerudi

Taarifa ya msimamizi wa banda kwa simu: "Fundi, mchana iko freshi kabisa, ikifika usiku inazingua." Kuanzia saa mbili usiku inaanguka kwa sekunde moja au mbili, kila dakika kumi hivi. Haikuletwa karakanani, tumeifuata ilipo, wakati uleule wa usiku, na HWiNFO ikiandika.

Umbo ni jipya. Si bonde pana, si mwiba wa fremu moja. Ni shimo: fremu 70, ghafla 9, sekunde mbili, kisha 70 tena. Kwenye faili la CSV, wakati wa shimo prosesa iko GHz 0.8. Joto lake ni nyuzi 68. Kadi nyuzi 71. Prosesa yenye nyuzi 68 haina sababu yake yenyewe ya kujishusha hadi GHz 0.8, imeambiwa na mwingine. Kwenye HWiNFO mstari wa "IA: PROCHOT" unasoma Yes, huku ule wa joto la prosesa yenyewe ukisoma No. PROCHOT ni waya wa kengele kati ya bodi na prosesa, na sehemu nyingine ya bodi inaweza kuuvuta. Mara nyingi anayeuvuta ni VRM, saketi inayogeuza volti 12 kuwa volti ndogo za kulisha prosesa.

Waya wa kupimia joto wa multimita umebandikwa kwa utepe wa Kapton, unaostahimili joto, juu ya mosfeti (chipu ndogo ya VRM inayopitisha umeme) iliyo karibu na soketi ya prosesa. Dakika ya 18: nyuzi 109, na shimo likatokea hapohapo.

Chanzo ni matengenezo yetu ya Siku ya 2. Hitisinki ya Intel, pamoja na kasoro zake zote, inapuliza hewa kwenda chini, na hewa hiyo inasambaa juu ya bodi na kupoza mosfeti. Bodi hii haina hitisinki ya VRM hata kidogo. Ilitengenezwa ikitegemea upepo huo. Mnara unapuliza kwa mlalo kuelekea nyuma ya kasha, hauigusi bodi. Prosesa imepoa, jirani yake ameachwa ateketee. Karakanani haikuonekana kwa sababu mashine ilikuwa juu ya meza, madirisha wazi, nyuzi 31. Bandani usiku madirisha hufungwa kwa ajili ya mbu, wachezaji wamejaa, kipimajoto kinasoma 34, na mashine imesukumwa ndani ya meza, mgongo wake sentimita nne kutoka ukutani, ikivuta hewa moto iliyoitema yenyewe.

Ipo njia ya mkato inayojulikana: programu ya ThrottleStop ina kisanduku cha kuzima kengele hiyo ya PROCHOT kutoka nje. Ukikiondolea tiki, mashimo yanatoweka dakika hiyohiyo. Kisiguswe. Kengele imezimwa, joto halijapungua, na mosfeti ikifa inaweza kuondoka na prosesa.

Kuhusu umeme, kwa kuwa kila tatizo la usiku hapa mjini husingiziwa umeme mdogo: soketi ya ekstensheni imepimwa saa mbili na nusu usiku, volti 209. Pawa saplai mpya inakubali kuanzia 100 hadi 240. Umeme ukishuka kupita uwezo wake mashine huzimika au hujiwasha upya. Haishuki fremu kwa sekunde mbili kisha ikaendelea na mchezo.

Siku ya 7, Ijumaa. VRM na hewa

Vipande sita vya alumini, milimita 14 kwa 14, vimegundishwa juu ya mosfeti kwa gundi ya joto ya kuchanganya, si kwa utepe wa kunata pande mbili unaokuja navyo. Bodi ndani ya kasha imesimama wima. Utepe ukilegea kwa joto, kipande kinaanguka juu ya mgongo wa kadi ya grafiki, chuma juu ya saketi. Uso wa mosfeti umesafishwa kwa aisopropili kwanza, na gundi imeachwa saa 24 kabla ya kuwasha.

Feni ya milimita 80 imefungwa juu ya eneo hilo kwa kipande cha bati kilichokunjwa na skrubu ya kasha, ikitazama mosfeti moja kwa moja, ikazungushwa kwa asilimia 60 kutoka BIOS. Mashine imetolewa ndani ya meza na kuwekwa sentimita 15 kutoka ukutani. Mbele ya feni ya kuingiza hewa kimewekwa kitambaa cha soksi ndefu ya nailoni, kilichovutwa kikanyooka. Chandarua hakifai hapa. Matundu yake ni makubwa mno kwa vumbi la mtaa huu.

Siku ya 8 na 9. Programu, na kipimo cha mwisho

Draiva ya NVIDIA, yaani programu inayoendesha kadi ya grafiki, imeondolewa kwa DDU (programu ya kufuta draiva) katika hali salama ya Windows na kuwekwa upya. Hakuna kilichobadilika kwenye grafu. Tunaandika hata hivyo, kwa sababu hili ndilo jambo la kwanza linaloshauriwa kila mahali. Rekodi ya nyuma ya Xbox Game Bar imezimwa. Imeondoa vijimwiba vya milisekunde 25. Mpango wa umeme wa Windows umewekwa kwenye utendaji wa juu.

Kilicholeta tofauti kubwa kuliko vyote upande wa programu ni muziki. Banda hucheza Bongo Fleva kupitia YouTube kwenye mashine hiyohiyo, kivinjari kikiwa nyuma ya gemu. Video hiyo peke yake inakula asilimia 12 hadi 18 ya prosesa. Kwenye prosesa ya nyuzi nne ambazo gemu imeshazijaza, hicho ni kiasi kikubwa sana, na fremu mbovu ndizo zinazolipa. Muziki umehamia kwenye simu iliyounganishwa na spika.

RivaTuner imewekewa kikomo cha fremu 60 na VSync imebaki imezimwa. Kikomo kinaacha prosesa ikipumua kwenye asilimia 75 hivi badala ya kubanwa 100, na joto linashuka kila mahali bila mchezaji kukosa chochote kwenye skrini ya hezi 60. Ubora wa tekstcha umebaki juu, kumbukumbu ya kadi inatumia GB 4.1 kati ya 6. Kilichoshushwa ni msongamano wa watu na umbali wa kuona vitu, maana hivyo hulemea prosesa.

Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane. Mashine hii haitumiwi kwa benki wala barua pepe, na mwenye banda ameelezwa iendelee hivyo.

Kipimo cha mwisho, bandani, saa mbili usiku, madirisha yamefungwa, nyuzi 34, saa moja nzima:

Fremu: 60, zimetulia.
Asilimia 1 mbovu: 57.
Prosesa: nyuzi 66, GHz 3.5.
Kadi: nyuzi 67.
Mosfeti: nyuzi 82.
PROCHOT: No, mwanzo hadi mwisho.
Fremu ndefu kuliko zote: milisekunde 31.

Nailoni ifuliwe kila baada ya wiki tatu. Faili la CSV la usiku huu limebaki kwenye SSD ya pili, folda ya "vipimo", ili kipimo cha miezi mitatu ijayo kilinganishwe nalo. Hadi diski yenye C5 ya 24 imechomolewa na kuandikwa kwa maka pen: mbovu, isiwekewe kitu.